Alhamisi Tuliyogeuza Njia

"Mbona leo mmetokea upande wa kanisani?"

Mama Joxepa aliuliza huku taulo liko begani, akitutazama kama watu waliovaa nguo ndani nje. Kabla sijamjibu, mlango ulifunguliwa tena na kundi la kina Markel likaingia. Wao walitokea upande wa darajani.



"Haya, na nyinyi?" Mama Joxepa akawageukia. "Nyinyi si watu wa kutokea kanisani? Mji huu leo umepatwa na nini?"

Markel alinitazama. Nami nikamtazama. Kisha kila mmoja akaangalia pembeni, yeye kwenye kofia yake, mimi kwenye chupa za ukutani, na hapo ndipo mateso yangu yalipoanza.

Ngoja niwaeleze, maana mtu asiyekaa Tolosa, mji wetu mdogo wa Wabaski kaskazini mwa Hispania, anaweza kudhani hakuna kilichotokea.

Sisi Alhamisi hatuli nyumbani. Tunatoka kazini, tunakutana na kundi letu, watu wale wale tuliosoma nao tangu hatujaota meno ya pili, halafu tunazunguka mtaa mkongwe baa kwa baa. Kila baa ina kitu chake kimoja inachokijua kupika. Unakula kipande kimoja, unakunywa kibilauri kimoja, umesimama, unasogea mbele. Na kila kundi lina njia yake. Mtu kwetu anaweza kubadilisha mke, watu wakanong'ona wiki mbili wakasahau. Akibadilisha njia ya Alhamisi ataulizwa mpaka siku ya kuzikwa.

Kundi letu ni wanawake saba chini ya uongozi wa Idurre, kiongozi ambaye hakuna aliyemchagua. Tulikuwa tunaanzia darajani kwenye uyoga wa kitunguu saumu, tunakwenda kwenye kroketi, vile vidonge laini vya kukaanga, tunapita kwa Mama Joxepa, kisha kimanda cha viazi, na kumalizia baa iliyo jirani na kanisa, kwenye mashavu ya ng'ombe yaliyopikwa mpaka yanakatika kwa kijiko. Kina Markel walifanya hivyo hivyo kwa kinyume, kutoka kanisani kwenda darajani. Kwa hiyo makundi mawili yalipishana mahali pamoja tu, kwa Mama Joxepa katikati ya mtaa, kwa muda wa kibilauri kimoja.

Miaka mitatu nilimpenda mwanamume kwa kibilauri kimoja kwa wiki.

Markel ni fundi wa mashine kwenye kiwanda cha karatasi, mrefu, mpole, na akicheka anaanza na macho. Pale kwa Mama Joxepa kitu chao ni kijiti chenye zeituni, dagaa wa chumvi na pilipili za kijani za Ibarra, mji wa jirani. Zeituni mimi siipendi tangu utotoni. Markel naye hawezi pilipili, hata zile laini ambazo watoto wanakula. Siku ya kwanza tuliyosimama bega kwa bega pale kaunta, alichomoa pilipili zake akaziweka kwenye kisahani changu bila kuniuliza. Nami nikachomoa zeituni yangu nikampa. Hatukusema kitu. Tangu siku ile ikawa ndiyo salamu yetu, na maongezi yakafuata yenyewe: mashine iliyoharibika, mzee aliyekuja dukani kwangu kununua miwani akiwa amevaa ile anayoitafuta, mvua.

Mtaniuliza kwa nini sikumwomba namba ya simu. Nyinyi hamjui kwetu. Kwetu mtu hajitengi na kundi lake kwenda kusimama na mtu wa kundi jingine, labda kama amekwenda kumwambia nyumba yake inaungua. Ukifanya hivyo mara moja, kesho yake muuza samaki anakuuliza harusi lini.

Baada ya kanivali nikachoka. Nikapiga hesabu yangu: sisi tukigeuza njia, tukaanzia kanisani kama wao, tutakuwa nao baa zote, mwanzo mpaka mwisho, na hakuna atakayesema mimi nimejitenga na kundi. Kazi ikabaki kumshawishi Idurre.

"Tumbo langu siku hizi halitaki nyama mwishoni," nilimwambia tukiwa kwenye kroketi. "Nikimalizia na mashavu ya ng'ombe silali. Tungeanza nayo."

"Tumbo lako?" Idurre alikunja uso. "Wewe uliyekula maharage sahani tatu kwenye kipaimara cha mpwa wangu?"

"Ndiyo maana limechoka."

"Shoga, hii njia tuna miaka kumi na sita nayo."

"Najua. Na tumbo nalo ni la umri huo huo."

Alipinga wiki nzima. Mwishowe akaitisha kura pale pale baa, kwa sauti ya mnada, mikono ikapanda, nikashinda kwa mkono mmoja. Alhamisi iliyofuata nilipaka rangi ya mdomo, nikavaa koti langu la bluu, nikaingia baa ya kanisani wa kwanza. Nilikula mashavu ya ng'ombe macho yakiwa mlangoni. Hawakuja. Tukaenda kwenye kimanda, hawakuja. Tukafika kwa Mama Joxepa, nao ndio hao, wanatokea darajani.

Mji wetu ni mdogo na kura ya Idurre ilisikika mpaka ng'ambo ya mto. Nikajiambia: amesikia kwamba tunageuza, akajua ni kwa ajili yake, akaona bora awageuze wenzake anikwepe. Alikuwa anataka kibilauri kimoja tu, na mimi nimetaka chupa nzima.

Tulisimama kaunta kama kawaida, ila kimya. Mama Joxepa akatuwekea vijiti. Nilisubiri. Markel alikiangalia kijiti chake, akakiinua, akala chote, pamoja na pilipili. Macho yalimjaa maji na masikio yakawa mekundu. Basi nami nikala zeituni yangu. Niliimeza nzima nzima kama kidonge.

"Usiku mwema, Lierni," alisema.

"Usiku mwema."

Nililia njiani, na Idurre akadhani ni tumbo.

Alhamisi iliyofuata sikutoka. Na ile nyingine. Kundi likaanza kuniandikia kwenye simu.

*Uko wapi? Kimanda kinapoa.*

*Nina kazi dukani.*

*Saa hizi? Nani anapima macho saa hizi?*

Nikaizima simu. Nikasikia kwamba hata wao raha imewaisha, wanabishana kila wiki kama warudi njia ya zamani, na Idurre anakataa kwa sababu eti kura ni kura.

Siku moja Mama Joxepa aliingia dukani, miwani yake imelegea mkono. Nilikaa kuikaza skrubu, yeye akawa ananitazama na yale macho yake yasiyoona karibu.

"Mwanangu, unaumwa?"

"Hapana, mama."

"Yule Markel anakuja bado. Anakula dagaa na zeituni, pilipili anaziacha kwenye kisahani. Miaka mitatu sijawahi kutupa pilipili, sasa kila Alhamisi natupa."

Kiburi changu ni cha kurithi kwa pande zote mbili.

"Mwambie aagize kitu kingine," nilisema.

"Sijaja kuomba ushauri wa biashara," alijibu, akachukua miwani yake akaenda zake.

Mwishoni mwa Machi ikafika siku ya matufaha. Kila mwaka kundi letu hukodi basi dogo Jumamosi moja, tunapanda milimani juu ya Astigarraga kwenye zile nyumba za mvinyo wa matufaha, tunakula mchana mpaka jioni. Nilimwambia Idurre siendi. Akapiga simu badala ya kuandika, na Idurre akipiga simu ujue amekasirika.

"Nisikilize vizuri. Alhamisi nimekuvumilia. Lakini matufaha ni matufaha. Mtu asiyepanda kwenye matufaha na wenzake hana wenzake."

"Idurre..."

"Hukuja kwenye uyoga, hukuja kwenye kroketi. Sasa nakuuliza kama mtu mzima. Bado uko na sisi au umetuacha?"

Nilishampoteza mtu niliyekuwa sijampata, na sasa nilikuwa naelekea kuwapoteza na hawa niliokuwa nao maisha yangu yote.

"Nitakuja," nilisema.

Kulikuwa na mvua nyembamba na ukungu umelala mabondeni. Ndani ya ile nyumba kulikuwa na meza ndefu bila viti, moto wa makaa mwishoni, na harufu ya nyama. Vyakula ni vile vile kila mwaka: kimanda cha samaki wa chumvi, samaki wa chumvi tena na pilipili hoho, halafu pande la nyama na mfupa wake, nje limeungua ndani jekundu, mwisho jibini na jozi. Niliinua kichwa kutoka kwenye kimanda nikawaona meza ya pili: Txomin, kiongozi wa kina Markel, na kundi lake lote, na Markel mwenyewe katikati, amekonda.

Hata sikushangaa. Msimu ni mfupi na watu wa Tolosa wanapanda Jumamosi zile zile. Nilijisogeza nyuma ya Nagore wa kundi letu, ambaye kwa bahati ana mabega mapana.

"Choch!" mwenye nyumba alipiga kelele.

Ukisikia neno hilo unaacha kila kitu mezani, unachukua bilauri, unakwenda kwenye pipa. Anafungua kitundu, mvinyo unaruka mwembamba kama uzi, wa kwanza anakinga, wa pili anaingia chini yake bila tone kuanguka. Hakuna meza wala kundi pale, ni foleni moja tu. Idurre alikuwa mbele yangu. Mbele yake alikuwa Txomin, mtu mnene mwenye maneno mengi.

"Nyinyi ndio mliotuharibia Alhamisi," Txomin alimwambia, bilauri mkononi.

"Sisi?" Idurre akasema. "Kaka, kabla hujanywa umeshalewa?"

"Tuligeuza njia kwa taabu, watu wazima tunapigiana kelele. Tukasema angalau tutakuwa na nyinyi tangu darajani, tutacheka. Kufika darajani, hamna mtu. Mmehamia kanisani."

"Tulihamia kwa sababu zetu. Nyinyi nani aliwatuma mgeuze?"

"Huyu hapa." Txomin alimwonyesha Markel kwa kidole gumba. "Tumbo lake. Eti akianza na mashavu ya ng'ombe linamlemea, anataka kuanza na uyoga."

Idurre alikuwa ameshainama kukinga. Akabaki ameinama, bilauri ikajaa, mvinyo ukaanza kumwagika kwenye mkono wa sweta yake.

"Tumbo?" aliuliza polepole.

"Tumbo."

"Lilimuuma lini?"

"Baada ya kanivali."

Watu wa nyuma walianza kulalamika kwamba mvinyo unapotea. Idurre hakuwasikia. Alisimama wima, akageuka, akanitafuta nyuma ya mabega ya Nagore mpaka akanipata.

"Lierni," alisema. "Hebu niambie, mama. Tumbo lako linaendeleaje?"

Sijawahi kutamani ardhi inimeze kama siku ile. Meza zote mbili zilikuwa zinatutazama. Mwenye nyumba, mtu mwenye busara, alifunga kitundu cha pipa akasubiri.

Markel alitoka kwenye foleni akaja mpaka mbele yangu. Mikono yake ilikuwa inanukia ile sabuni ya kiwandani ambayo nilikuwa nimeikosa wiki nne.

"Wewe uligeuza kwa nini?" aliniuliza.

"Wewe uligeuza kwa nini?"

"Nimekuuliza mimi kwanza."

"Na mimi nimekuuliza wa pili. Jibu."

Alikuna shingo. Akamtazama Txomin, akaona hakuna msaada, akanirudia mimi.

"Nilitaka tuanze pamoja darajani," alisema. "Nilitaka uyoga na wewe, na kroketi, na vyote. Kibilauri kimoja kilikuwa hakinitoshi tena, Lierni. Halafu nakuja, nakuta umehamia kanisani. Nikasema amesikia mpango wangu, amekimbia."

"Mimi nilikuwa kanisani nakusubiri wewe," nilisema. "Nilipaka rangi ya mdomo. Nilikula mashavu ya ng'ombe naangalia mlango. Nikasema wewe ndiye uliyekimbia."

"Mimi nikukimbie wewe?"

"Ulikula pilipili yako mwenyewe."

"Ilinichoma mpaka asubuhi," alisema. "Nilistahili."

Nilicheka, na katikati ya kucheka machozi yakanitoka. Nilimwambia pale pale, mbele ya Idurre na pipa na watu wote, kwamba nampenda, na kwamba nimempenda tangu siku aliyoniwekea pilipili kwenye kisahani. Akasema yeye alitangulia. Siku ile, akasema, alikuwa ameshakuja kwa Mama Joxepa majuma mengi akinitazama, na zile pilipili zilikuwa ndiyo njia pekee aliyoweza kuifikiria.

"Miaka mitatu," Txomin alisema, akimtazama Idurre. "Watu wazima hawa."

"Na sisi tunabeba matumbo yao," Idurre akamjibu. Alikuwa anajikamua sweta, lakini macho yake yalikuwa yamelowa. Baadaye alisema ni moshi wa makaa.

Mwenye nyumba akapiga kelele tena, "Choch!", na mara hii meza zote zikaja, na aliyekinga nyuma ya Markel ni mimi.

Walituunganishia meza. Nyama ilipokuja Markel alinikatia upande wa mfupa, na utani ukaanza ambao haujaisha mpaka leo. Nagore aliuliza kama tunahitaji dawa ya tumbo. Kisha likaibuka suala zito la Alhamisi. Txomin, kwa uungwana, akasema kundi lake litarudi njia ya zamani ili tuwe pamoja. Idurre, naye kwa uungwana, akasema hapana, sisi ndio tutakaorudi. Kila mmoja akang'ang'ania kuwa muungwana kuliko mwenzake, mpaka Markel akainua mkono.

"Mkirudi nyote wawili," alisema, "tutapishana tena."

Ikawa kelele juu ya kelele. Waliachana bila muafaka, kila mmoja ameapa kwamba yeye ndiye atakayegeuka.

Tukiwa kwenye basi tunashuka, simu yangu ikalia. Namba mpya, iliyokuwa imeingia simuni mwangu mchana ule ule.

*Alhamisi unaanzia wapi?*

*Kwa Mama Joxepa,* niliandika.

*Halafu?*

*Hapo hapo.*

Akajibu: *Na mimi hapo hapo.*

Na ndivyo ilivyokuwa. Makundi yote mawili yakarudi njia zake za zamani, hakuna aliyemshinda mwenzake kwa uungwana, na sisi wawili tukawa tunasimama katikati ya mtaa tukiwasubiri. Kina Idurre walitujia wananukia kitunguu saumu, kina Txomin walitujia wananukia mchuzi wa nyama. Watu walisema tumejitenga. Muuza samaki aliniuliza harusi lini. Safari hii nilikuwa na jibu.

Tulioana Septemba iliyofuata, kwenye ukumbi wa mji, asubuhi. Ukumbi wa karamu hatukukodi. Kina Txomin walianzia kanisani na tai zao, kina Idurre walianzia darajani na viatu virefu juu ya mawe ya mtaa, na ndugu wakajigawa wanavyopenda. Mama mkwe wangu alichagua njia ya uyoga, baba yangu akafuata nyama. Walikula baa kwa baa, wamesimama, na makelele yao tuliyasikia yakitukaribia kutoka pande zote mbili. Sisi tulikuwa tumeshafika kwa Mama Joxepa, mimi na gauni langu, yeye na suti iliyombana mabegani.

Mama Joxepa alijipanga. Alitoka jikoni na sahani nyeupe yenye vijiti viwili, akaiweka mbele yetu kwa mikono miwili.

"Hiki cha bwana, zeituni tupu na dagaa," alisema. "Hiki cha bibi, pilipili tupu na dagaa. Msihangaike tena kuchomoachomoa siku ya harusi yenu."

Markel alishukuru, akanyoosha mkono. Nikauzuia.

"Mama, samahani," nilisema. "Tutengenezee kama vya watu wote."

"Kwani vina nini, mwanangu? Zeituni huili, na yeye pilipili haziwezi."

"Ndiyo, mama. Lakini ukishampa kila mtu chake, sisi tutapeana nini?"

Alitutazama na yale macho yake. Akavuta sahani, akarudi nayo jikoni, na mlango ukafunguka, watu wakaanza kuingia. Aliporudi alikuwa na vijiti viwili vya kawaida. Markel akachomoa pilipili zake, akaziweka kwenye kisahani changu.